Mama Mkwe, Bima na Supu ya Kamande

Tangu turudi, habari zetu zimenitangulia kila ninapokwenda. Kwa kinyozi nilikuta watu wakisimulia kwamba mama mkwe wangu alizimia angani, ndege ikageuzwa. Kanisani niliambiwa kwamba Wajerumani walikataa kumwachilia hospitalini. Mmoja wenu alinipigia simu kunipa pole ya msiba. Basi nimeona niandike mara moja, msome wote. Hakuzimia, haikuwa angani, hakuna aliyekufa, na jana mchana yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba yake Njiru akipalilia sukuma wiki. Mambo ya viza na tiketi nitayaruka, maana hata mimi yalinichosha.

Donholm, Eastleigh, Njiru

Wengi mnamjua binti yetu Nyambura. Anaishi Leipzig, Ujerumani, na mumewe Mwangi, na kazi yake ni kuwatunza wazee. Alipojifungua mtoto wa kwanza, nyanya yake, yaani mama mzazi wa mke wangu, alisema amechoka kumwona kitukuu chake kwenye simu. Anataka kumshika. Mke wangu Wanjiku ni mwalimu mkuu na muhula ulikuwa umeanza, hangeweza kutoka. Mimi nimestaafu kazi ya kuchonga vyuma pale Industrial Area, Nairobi, na kila mtu nyumbani anajua sina shughuli. Kura ikaniangukia.

Kwa vijana watakaosoma hili, nieleze kidogo. Mimi nililelewa kwamba mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi, na yeye alilelewa hivyo hivyo. Katika miaka thelathini na miwili ya ndoa yangu sikuwahi kula meza moja naye. Sikuwahi kumwona bila kitambaa kichwani. Akija kwetu Donholm, mimi hukumbuka ghafla kwamba kuna bawaba ya geti inayohitaji mafuta. Tunapendana sana, lakini kwa mbali.

Sasa, ili asafiri ilibidi awe na bima ya safari. Niliichukulia kama karatasi ya kuridhisha ubalozi, basi. Rafiki yangu mmoja hata alinionya kwamba kununua bima ni kuita ajali kwa jina. Nilikwenda kwa Sahra, ambaye alikuwa jirani yetu kabla hajaolewa, na siku hizi ni wakala wa bima, ana ofisi Eastleigh juu ya maduka ya vitambaa. Nikamwambia anipe ile ya bei ya chini kabisa ambayo ubalozi utaikubali.

Aliitoa, akaiweka mezani, lakini hakuiachilia. Akaniuliza tutabadilishia ndege wapi. Nikamwambia Istanbul.

"Mzee, hii inaanza kazi mkishafika Ujerumani," akasema. "Na safari yenu inaanzia mlangoni kwenu. Huko njiani katikati mtakuwa wa nani?"

Jambo la pili, akaniambia, bima hiyo haigusi ugonjwa wowote ambao mtu alikuwa nao kabla ya kuondoka. Akatoa nyingine, ghali zaidi, inayoshika njia nzima kwenda na kurudi, na inayoyakubali magonjwa ya zamani mradi yametajwa yote. Ilikuwa na fomu ya maswali. Nikaanza kusoma: presha, sukari, moyo, upasuaji. Nilipofika maswali ya uzazi niliikunja fomu haraka. Nikamwambia Sahra tuandike tu hapana kila mahali. Akatikisa kichwa. Bima iliyojazwa kwa uongo, alisema, ni karatasi kama ya kufungia mandazi.

Wanjiku akampigia mama yake. Jibu lilikuwa fupi: tangu azaliwe hajawahi kuugua. Wanjiku akakata simu akaniambia hilo halina ukweli wowote, ila mama yake huwaficha watoto wake magonjwa kwa sababu wakijua watamkataza kulima.

Basi Jumamosi nikaenda Njiru mwenyewe, fomu ikiwa mfukoni. Nilikaribishwa sebuleni, chai ikaletwa. Mama akakaa jikoni, tukaongea kupitia mlangoni kama kawaida yetu. Tuliongea juu ya maji ya mfereji. Tuliongea juu ya barabara, na kuku aliyekataa kuatamia. Kila nilipotia mkono mfukoni, niliutoa mtupu. Baada ya saa nzima niliaga, nikarudi Donholm na mkungu wa ndizi.

Sahra aliposikia alicheka. Akasema hata kwao mkwe hawezi kuuliza hayo. Akajitolea kwenda mwenyewe. Alikwenda Jumatatu, akakaa huko hadi baada ya chakula cha mchana, na mpaka leo sijui walizungumza nini. Alirudi na fomu iliyojaa, ambayo hakunionyesha, na barua ya daktari wa zahanati anakotibiwa mama, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. Mama alikuwa ametoa sharti moja. Kampuni ijue, daktari ajue, lakini mkwe wake asijue.

"Usiifungue," Sahra akaniambia. "Ukiona mambo yameharibika, mpe daktari. Na nambari hii ya dharura iweke kwenye simu sasa hivi, nikuone ukiiweka."

Nikanunua ile ghali. Baadhi yenu mlinisikia nikinung'unika wiki nzima.

Nairobi hadi Istanbul

Tuliondoka alfajiri. Nyumbani mama alikunywa chai ya rangi tupu, akasema tumbo la safari halitaki kitu kizito. Mimi niliona aibu kula mkate peke yangu, nikaacha.

Hakuna aliyetufundisha jinsi mama mkwe na mkwe wake wanavyokaa kwenye ndege. Viti ni vya kubanana magoti. Kwa bahati kiti cha katikati kilikuwa wazi, na mama, aliyekuwa dirishani, akaweka hapo mkoba wake, juu yake sweta, juu ya sweta Biblia. Ukawa ukuta mzuri. Tukasalimiana juu ya ukuta huo tukiruka, na tena tulipoonyeshwa jangwa huko chini.

Mhudumu alipokuja na chakula, alinielekea akauliza kwa Kiingereza kama mke wangu angependa mayai. Mama ana Kiingereza kidogo, lakini neno hilo alilisikia vizuri. Akavuta kitambaa usoni, akageukia dirisha. Mimi nikaeleza, nikaeleza tena, mhudumu akaomba radhi mara nyingi mpaka abiria wa mbele wakageuka. Baada ya hapo mama alisema hana njaa. Mimi nilikuwa na njaa ya kuuma, lakini ningetafunaje yeye akiwa hapo hajala? Nikafunika sahani yangu, ikarudishwa ilivyokuja.

Baadaye kidogo nilimwona kwa pembe ya jicho akitoa kitu mkobani, akakitia mdomoni na maji. Niligeuza uso upande wa pili, kama inavyopasa.

Istanbul

Tulipotua ilikuwa adhuhuri na theluji ilikuwa ikianguka. Mama alisimama kwenye kioo akaitazama muda mrefu, akasema inafanana na pamba inayopeperuka. Ndege yetu ya Leipzig ilikuwa iondoke baada ya saa tatu. Kisha ubao ukasema imechelewa. Kisha ukasema imechelewa zaidi. Halafu ukaacha kusema chochote.

Uwanja ule ni mji. Tulitembea mpaka miguu ikalalamika, tukapata viti viwili vilivyotazamana. Kulikuwa na maduka ya vyakula pande zote, mikate ya duara yenye ufuta, nyama zinazozunguka motoni. Nilimuuliza mama kama nimletee chochote. Akasema ameshiba. Nami nikasema nimeshiba. Kando yetu alikaa bwana mmoja mzee wa huko na tasbihi yake, akatupatia tende mbili. Mama aliipokea yake kwa mikono miwili, akaiweka mkobani. Nadhani bwana yule alifikiri tumefunga, kwa sababu aliinamisha kichwa kwa heshima na kuficha chakula chake.

Alasiri nilienda kuuliza habari za ndege. Niliporudi, mama alikuwa amevua sweta, na kitambaa chake kilikuwa kimelowa jasho, katika ukumbi ambao mimi nilikuwa nimejifunga koti. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikamwita. Alinitazama machoni moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu, akaniuliza kwa Kikuyu kama mbuzi wameingizwa zizini. Akaniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani.

Nilijua hapo kwamba mambo yameharibika. Nikapiga ile nambari, vidole vikikosea mara mbili. Akapokea mwanamke mwenye Kiingereza cha polepole. Akaniuliza niko wapi hasa, nikamsomea maandishi ya geti lililokuwa karibu. Akaniambia kuna zahanati humo humo uwanjani, anawapigia sasa hivi, nisikate simu. Kisha akaniuliza mgonjwa ana maradhi gani.

Nikamjibu kwamba sijui. Nimeishi na familia yake miaka thelathini na miwili, na sijui. Nikamwambia nina bahasha. Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. Akasema nisiwe na wasiwasi, yote yameandikwa mbele yake, nikimfikia daktari nimpe bahasha. Nilifikiri juu ya zile hapana ambazo nilitaka kuzijaza, na ile karatasi ya bei ya chini ambayo ingelala usingizi mpaka Ujerumani.

Walikuja wanaume wawili na kiti cha magurudumu. Mama alikaa akiwaambia wafunge zizi.

Daktari alikuwa dada wa makamo, amevaa hijabu ya kijani. Alichana bahasha, akasoma mstari wa kwanza, akaiweka kando, akamdunga mama kidole. Kisha akamnywesha maji ya zabibu yaliyotiwa sukari, kidogo kidogo, huku amemshika shingo kama mtoto. Mimi nilisimama mlangoni, mgongo nimewapa. Sikumbuki niliomba maneno gani. Nakumbuka nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu na kuvirudia.

Baada ya muda nikasikia mama akiuliza, kwa sauti yake ya kawaida, kitambaa chake kiko wapi.

Daktari akaniita niingie. Akaichukua ile barua aanze kunieleza. Nikainua mkono, nikamwambia kwamba huyu si mama yangu mzazi, ni mama wa mke wangu, na kwetu kuna mambo ambayo sipaswi kuyasikia. Alinikazia macho. Akaniuliza kwa upole nitamtunzaje mtu ambaye sijui anaumwa nini. Nilitaka kutoka.

"Baba Nyambura," mama akasema kutoka kitandani, "keti."

Nikaketi.

"Nina sukari. Huu ni mwaka wa tisa. Dawa nimekunywa asubuhi, na nikanywa tena kwenye ndege, na sijala kitu. Ningekula vipi, na wewe umekaa hapo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hata mimi sijala tangu jana jioni, kwa sababu yake.

Alinitazama. Bega lake likaanza kutikisika, nikaogopa kwamba ile hali imerudi, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka, na daktari ambaye hakuelewa Kiswahili hata neno moja akacheka pia. Tulipomfasiria, aliacha kucheka. Akatuambia kwamba hatatuachilia mpaka atuone tukila, wote wawili, mezani kwake.

Ililetwa supu ya rangi ya machungwa, na mkate. Mama alikoroga, akaonja, akafikiri. Akasema ni kamande, zile dengu ndogo. Ametoka Njiru akavuka jangwa na theluji, na watu wa huku wanakula kamande kama alizokuwa akipika mama yake, ila hawa wamezisaga. Akala yote. Nilikula nikiwa nimetazama bakuli, kisha nikainua macho, naye akayainua, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Aliniongezea mkate kutoka sahani yake.

Barua ile ilikuwa na mistari mingi kuliko mmoja. Daktari alipomaliza aliikunja, na mama akamwonyesha kwa kidole kwamba arudishiwe yeye. Hayo mengine, alisema, ni ya madaktari. Nikasema ni sawa kabisa, na nilimaanisha.

Yule mwanamke wa bima alipiga mara mbili zaidi. Aliongea na daktari, kisha akatupatia chumba cha kupumzikia humo humo uwanjani, vyumba viwili kwa kweli, baada ya mimi kumweleza tena uhusiano wetu. Asubuhi theluji ilikuwa imekoma na tukaruka.

Leipzig

Kwenye ukaguzi, afisa alitoa sandukuni mfuko wa unga wa wimbi akauliza ni nini. Nilikuwa natafuta Kiingereza cha wimbi wakati mama alipojibu kwa vitendo: akakoroga sufuria ya hewa, akanywa kikombe cha hewa, kisha akabembeleza mtoto wa hewa kifuani. Afisa alicheka, akaurudisha mfuko taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

Nyambura alilia alipomwona nyanya yake. Mama hakulia. Alinawa mikono, akaketi, akanyoosha mikono, akamngoja kitukuu chake awekwe hapo. Kariuki ni mtoto mnene mwenye hasira, lakini alimtazama mama, akapiga miayo, akalala. Mama akakaa naye hivyo karibu asubuhi nzima. Nyambura alipotaka kumchukua, mama alimwambia aende akafue nguo.

Tulikaa majuma matatu. Kila asubuhi mama alimsalimia kila mtu ngazini na njiani, na kumuuliza habari za nyumbani kwake, kwa Kiswahili. Siku za kwanza watu waliharakisha mwendo. Jirani mmoja, mama mzee aliyeishi peke yake ghorofa ya chini, aligonga mlango siku moja, na Nyambura akadhani amekuja kulalamikia nyimbo za kubembeleza mtoto. Kumbe alikuwa na keki. Waliketi wote wawili wakiongea, kila mmoja lugha yake, na ilipofika wakati wa kuagana walikuwa wameonyeshana vidonge vyao. Jirani naye alikuwa na sukari. Mama akampunguzia keki yake mwenyewe.

Na sisi tulikula pamoja. Mara ya kwanza Nyambura aliandaa meza mbili, moja sebuleni na nyingine jikoni, kama alivyoona kwetu tangu utotoni. Mama akachukua sahani yake, akaja akaketi mbele yangu, akaniambia nipitishe chumvi. Nyambura alisimama na mwiko mkononi akatutazama. Baadaye aliniuliza kulitokea nini Istanbul. Nikamwambia amuulize nyanya yake. Mama naye akamwambia aniulize mimi.

Ilikuwa hapo mezani ambapo aliniambia mambo mengine, si ya mwili wake, bali ya maisha yake. Jinsi alivyomzika mumewe na kubaki na watoto watano. Jinsi alivyoniogopa siku nilipokuja kumposa Wanjiku, kwa sababu nilikuwa na mikono mikubwa na sikuongea. Mimi nilimwambia kwamba sikuongea kwa kuwa nilikuwa namwogopa yeye.

Kurudi

Ndege ya kutoka Istanbul iliondoka asubuhi, na safari hii hatukuwa na bahati ya kiti kilicho wazi. Au niseme mama hakuitafuta. Alikaa karibu nami, mkoba ukiwa miguuni. Chakula kilipoletwa alikula mayai, mimi nikala mayai, akaniuliza kama nitamaliza mkate wangu. Vidonge alivinywa mbele yangu, akaniambia ni vya nini, na nikaandika saa.

Tulipokuwa juu ya jangwa alikuwa akinisimulia juu ya shamba la utotoni mwao, na katikati ya sentensi akanyamaza. Kichwa chake kiliinama pole pole mpaka kikatua begani kwangu. Kitambaa kilikuwa kimesogea, nikaona nywele zake, nyeupe kabisa, zimesukwa mistari miwili. Nilitazama mbele. Nilikuwa nimekaa vibaya, kiwiko kimebanwa na chuma cha kiti, lakini kila nilipofikiri kujisogeza niliona nitamwamsha. Mhudumu alipopita na vinywaji nilimkatalia kwa macho. Hivyo tulivuka jangwa, tukavuka mto, tukaingia mawingu ya kwetu. Aliamka magurudumu yalipogusa chini, akarekebisha kitambaa, akaniuliza kama tumefika. Nikasema tumefika.

Wanjiku alikuwa akitungoja nje kwenye jua la jioni. Alimkumbatia mama yake, kisha akaniambia nilete sanduku kwenye gari. Niliinama nikalishika na mkono wa kulia, na mkono haukufunga. Nilijaribu tena. Ulikuwa umekufa ganzi kuanzia begani.

Akaniuliza kama nimeumia.

"Hapana," nikamwambia. "Mama yako alilala."

Wanjiku alinitazama, akamtazama mama yake ambaye alikuwa akichunguza maua ya kando ya barabara kama mtu aliyekuja kuyanunua. Kisha Wanjiku akachukua sanduku akalibeba mwenyewe.